Trela Mlangoni pa Shangazi

Mwenye kuita "njoo" haoni usukani.

Hilo ndilo jibu la Mwalimu Obadia Mgaya, wa chuo kidogo cha udereva kando ya barabara ya Njombe, kila kijana anapomwomba amwekee alama ya mahudhurio kwa siku ambayo hakuja. Jumanne moja kijana aliyeikosa Jumatatu alijibiwa hivyo, akauliza maneno hayo yametoka wapi. Mwalimu alifunga daftari, akavua kofia kama mtu anayeingia msibani, akaanza kusimulia habari za "kijana mmoja". Darasa zima lilijua kijana huyo ni nani, naye alijua kwamba wanajua. Kwa hiyo na sisi tumtaje tu.

Methali hii ilizaliwa hivi.

Obadia alikuwa utingo kwa miaka sita. Alipanga magunia, akafunga maturubai, akaweka mawe nyuma ya matairi milimani. Safari zote alikaa kando ya dereva, hata akaijua kila gia kwa mlio wake. Alipotaka kumwoa Tulizo, baba wa binti, Mzee Luvanda, alimwambia, "Utingo ni kazi ya kupita, mwanangu. Nenda kasome, uje na leseni ya magari makubwa, ndipo tuzungumze."

Mafunzo yalikuwa ya wiki nane. Wiki ya pili ilipokwisha, Obadia alianza kuwaonea huruma wenzake. "Haya mimi nimeyaona tangu hujazaliwa," alimwambia mwanafunzi aliyemzidi miaka mitatu. Akazungumza na mwalimu mmoja mwenye moyo mwepesi na kalamu nyepesi zaidi, na daftari likaonyesha kuwa alihudhuria wiki zote nane. Siku ya mtihani watahiniwa walikuwa wengi na lori lilikuwa moja. Mkaguzi alimwambia aende mbele hadi kituo cha mafuta, akizunguke, arudi. Obadia alifaulu. Kwa wiki nzima alilala na leseni chini ya mto.

Alipata kazi ya kuendesha lori lenye trela, akibeba mbao. Siku ya posa ikafika. Huko kwao, wanaokwenda kuposa huacha gari barabarani na kuingia kwa miguu, polepole, kama watu wanaoomba kitu. Mjomba wake, aliyekuwa mshenga, alimkumbusha hilo.

"Mjomba, wakiusikia mlio tu watajua mkwe amefika," alisema Obadia.

"Mkwe hasikiki," alisema mjomba. "Mkwe huitwa."

Obadia aliingia na lori. Kichochoro cha kwenda kwa Mzee Luvanda kilipita kati ya ngazi za mashamba ya viazi, kikiwa na upana wa lori moja na kuku mmoja. Kwenda mbele hakukuwa na shida. Watoto walishangilia, wazee wakatoka nje, salamu za "Kamwene" zikapokelewa kwa mikono miwili.

Ndani, mambo yalikwenda vizuri mno. Mzee Luvanda aliinua leseni kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati lake kana kwamba imeshakuwa mali ya ukoo. Lilibaki neno la mwisho, na katika nyumba ile neno la mwisho lilikuwa la Shangazi Yustina. Yeye alikuwa ametoka uani kidogo.

"Tukimsubiri, baba, hebu litoe lori," alisema Mzee Luvanda. "Ng'ombe wanarudi, na umewazibia zizi."

Pa kugeuzia hapakuwepo. Ilibidi arudi kinyumenyume.

Obadia alipanda, akatia gia ya nyuma. Alitaka trela liende kushoto, akakata usukani kushoto. Trela likaenda kulia, kama mbuzi anayevutwa kamba. Alikata zaidi, nalo likazidi ukaidi, likajikunja shingo, na kisogo chake kikagusa polepole mlango wa choo.

"Kuna mtu," ilisema sauti kutoka ndani.

Obadia alisogea mbele, akajaribu tena. Trela likarudi palepale.

"Nimesema kuna mtu," alisema Shangazi Yustina.

Mara ya tatu bawaba ya juu iling'oka. "Huyo wa nje," sauti iliuliza kwa upole, "amekula nini?"

Mzee Luvanda alikwenda nyuma ya trela, akainua fimbo, akaita kama alivyosikia matingo wakiita sokoni, "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo."

Obadia aliachia usukani. Sauti ile aliifahamu, maana ilikuwa yake. Kwa miaka sita, kila lori liliporudi nyuma, yeye alikuwa ameruka chini, amekimbilia nyuma, akiita "njoo". Aliuona usukani katika barabara zote za kusini, isipokuwa saa ile moja tu ulipozungushwa kurudi nyuma. Na chuoni, kurudi nyuma na trela kulifundishwa wiki ya tatu.

Alizima injini. Ng'ombe walikuwa wameshafika, wakasimama kichochoroni wakimtazama.

"Limeharibika?" aliuliza Mzee Luvanda.

Kusema "ndiyo" kungechukua pumzi moja. Obadia alimtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa akiwatazama ng'ombe.

"Gari ni zima, Baba. Mimi ndiye siwezi."

"Chuoni hawakufundisha?"

"Walifundisha wiki ya tatu. Wiki sita za mwisho sikuwepo."

"Karatasi inasema ulikuwepo."

"Inasema hivyo, Baba."

Mzee Luvanda alitoa leseni mfukoni, akaifuta kwa shati, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha marehemu.

"Sasa mtanifungulia," aliuliza Shangazi, "au jibu la posa nilitolee humu humu?"

Obadia alilisogeza lori mbele hatua tano, kazi aliyoiweza. Shangazi Yustina alitoka, akajifunga kanga vizuri, akawatazama mmoja mmoja.

"Luvanda, nimekusikia ukiita. Unaita vizuri sana. Kesho tukupe lori?"

Mzee Luvanda aliinamisha kichwa.

"Mwenye kuita 'njoo' haoni usukani," alisema Shangazi. "Kijana akazikalie wiki zake sita. Binti atakuwepo. Na mlango wangu utamsubiri, atautengeneza akirudi."

Kesho yake asubuhi dereva mmoja mzee alikuja kwa pikipiki kutoka mjini, akalitoa lori kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Ilihitajika mtu wa kusimama nyuma. Obadia alisimama, akaita "njoo, njoo" mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyecheka. Angefurahi kama wangecheka.

Alirudi chuoni, akaiweka leseni mezani kwa mkuu, akaomba jina lake lifutwe katika wiki ambazo hakuwepo. Wiki ya tatu aliangusha mapipa kumi na moja ya kufundishia kurudi nyuma.

Mwalimu Obadia alipofika hapo alivaa kofia yake. Hakuna aliyeuliza kama mlango ulitengenezwa, kwa kuwa mkewe, Tulizo, ndiye anayewapikia wanafunzi chai.

Kijana wa Jumatatu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Basi, Mwalimu," alisema, "Jumatatu niandikie sikuwepo."

"Nimeshaandika," alisema Mwalimu. "Sasa nenda kwenye lori. Leo tunarudi nyuma, na utakaa ndani, maana mwenye kuita 'njoo' haoni usukani."