Perege Alivyomwamkia Kambale

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa wapi?
— Majini!
Haya, sogeeni, ila msilowe.

Hapo kale, kwenye matete ya ziwa, palikuwa na Perege, samaki bapa kama kiganja, mwenye michirizi ubavuni na miiba mgongoni. Nyumba hakuwa nayo. Watoto wake aliwalea kinywani! Wakitaka kucheza, anawatoa. Hatari ikija, anapanua kinywa, nao chubwi, chubwi, chubwi, wote ndani.

Na palikuwa na Kambale. Mnaujua ukoo wa kambale: baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu, na kila mmoja anataka kuamkiwa. Huyu alikuwa mnene kama gogo, tena mlafi. Asiyemwamkia alichapwa mkia.

Siku moja watoto wa Perege walikuwa wakicheza. Kambale akavuruga tope, vuru, vuru, maji yakawa meusi. Akalala chini, akapanua kinywa. Watoto wakatishika, wakaona shimo lenye giza, na kwao shimo lenye giza ndiko nyumbani. Chubwi, chubwi, chubwi, wakaingia! Kambale akafumba. Hakuwameza papo hapo. Mlafi yule alitaka kwanza kuangalia kama kuna waliobaki.

Perege akaja mbio, akaona kinywa kimefumbwa. Apigane na gogo lile? Atawezea wapi. Akashusha mapezi kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

Kambale akajibu, "Mmh."

Perege akasogea.

"Shikamoo, babu."

"Mmh."

Samaki wa matete yote wakaja kutazama. Perege akawaomba radhi, akasema kumbe amekosea, maana mkubwa akiamkiwa huitikia. Kisha akamgeukia Kambale.

"Kumbe wewe ni mtoto, ndevu zimekuwahi tu. Haya, niamkie mimi."

Samaki wakacheka, kwa, kwa, kwa. Ndevu za Kambale zikasimama wima.

"Mimi? Nikuamkie wewe? Marahaba! Marahaba!"

Lo! Kinywa wazi! Watoto fyuu, fyuu, fyuu, mpaka kwa mama yao, hakupungua hata mmoja! Perege akafumba kinywa, akapotelea kwenye matete bila kuaga. Kambale akabaki na heshima yake yote, na tumbo tupu.

Hadithi yangu imezama hapo; anayeitaka ajitose.

Na funzo lake? Watoto wangu, mkiamkiwa, nyamazeni kimya. Adabu italaza mtu na njaa.