Ngwali na Inveta Isiyozimika

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile ya majuzi, watu walipoanza kulifunga jua juu ya mapaa na kuliteremsha ndani kwa nyaya, katika mji wa Matondo palikuwa na Sultani, jina lake Mwinyihaji. Alikuwa mtu mwema, ila akipenda kila kitu chake kiwe kikubwa kuliko cha mwenziwe. Basi akatandaza paneli juu ya jumba lake hata paa lisionekane, akamwita Tajiri Kitwana, muuza vyombo vya umeme, akamwambia, "Niletee inveta, hicho chombo cha kugeuza umeme wa jua uwe umeme wa nyumbani. Nataka iliyo kubwa."

Tajiri akaleta kubwa, ya rangi ya dhahabu. Ikawa inafanya kazi, na pampu ya jumba inavuta maji, na mji wote unakinga humo. Lakini kila mmoja jumbani alikuwa na chake cha kuchomeka, huyu jiko, yule pasi, na wote kwa wakati mmoja. Haukupita muda inveta ikatoa moshi, ikafa. Ikaletwa kubwa zaidi, nayo ikafa. Ya tatu ilikufa siku ya harusi ya binti Sultani, biriani ikiwa haijaiva na wageni wamekaa na mikono iliyopakwa sabuni, maji hakuna. Mjini nako wanawake wakashika njia ya kisima cha Mwera, mwendo wa mlima kupanda na kushuka.

Sasa mjini palikuwa na mtu hohehahe, akiitwa Ngwali, akiishi na mama yake mzee, Bi Mize. Hakuwa na kitu ila ulimi. Siku ile, akimtua mama yake ndoo mlangoni, alisema kwa sauti, "Sultani wetu anachagua inveta kama mtu achaguaye mke kwa kutazama kanga."

Neno halina miguu, lakini lilifika jumbani kabla ya alasiri. Ngwali akaitwa barazani.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "nimesikia wewe ni mjuzi wa kuchagua."

"Mjuzi ni Mungu, maulana. Mimi nilikuwa nasema na ndoo."

"Basi utanichagulia mimi. Uniletee inveta isiyozimika kamwe. Ijumaa baada ya sala uwe umekuja nayo. Ikizimika mbele ya macho yangu, utahama Matondo, wewe na mama yako."

Ngwali akainama, akatoka. Alipomweleza mama yake, Bi Mize akaacha kuchambua mchele. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, na hapa nataka nizikwe. Ulimi wako huu utanitoa kaburini kabla sijaingia."

Ngwali akatoka akapita nyumba kwa nyumba, kila penye paneli juu anabisha hodi. Hakuuliza inveta ni ya nani wala ina ukubwa gani. Aliuliza, "Ikizidiwa hufanya nini?" Mmoja akamwambia hunguruma. Mwingine akasema yake ilinuka kama nywele zinazoungua, ndiyo ikawa mwisho wake. Akafika kwa Bi Msimu, mshonaji, mwenye vyerehani vya umeme na friji ya kuuzia barafu.

"Yangu ikizidiwa hunyamaza," akasema Bi Msimu. "Mwanzo nilikuwa naitukana. Siku hizi nikisikia imenyamaza, najua kuna mtu kachomeka pasi. Nikiichomoa pasi, huamka yenyewe. Nina miaka nayo, mwanangu, na fundi wake yuko hapo nyuma ya soko, ukimwita anaitika."

"Niazime mpaka Ijumaa, mama yangu."

"Ukiivunja, utashona wewe kwa mkono."

Ijumaa ikawadia. Baraza likajaa, Tajiri Kitwana amekaa karibu na kiti cha Sultani, na Bi Mize amesimama mlangoni na kifurushi cha nguo tayari. Ngwali akaingia na inveta ya mshonaji, kijivu, nzito, haina umbo la kupendeza. Watu wakachekea viganjani. Mafundi wakaifunga. Taa zikawaka, friji ikanguruma, pampu ikavuta, na mabomba ya mji yakaanza kutema maji.

"Bado," akasema Sultani. "Washeni majiko. Washeni pasi zote."

Wakawasha. Inveta ikalia *tak*, na kila kitu kikanyamaza.

Sultani akamtazama Ngwali, na kwa kweli hakufurahi. "Imezimika. Mchukue mama yako."

"Maulana, hii nimeileta kwa hiari yangu," akasema Ngwali. "Ile uliyoagiza iko nje." Akatoka, akarudi anasukuma mkokoteni uliofunikwa gunia. Akalifunua. Zilikuwa inveta tatu za dhahabu, zimeungua, alizoziokota jalalani nyuma ya jumba.

"Uliagiza inveta isiyozimika kamwe. Ni hizi. Ziliambiwa zibebe kupita nguvu zao, nazo hazikuzimika, zikabeba mpaka zikafa. Agizo lako nimelitimiza. Hii nyingine, ikishindwa husema. Wewe ndiye mwenye jumba, maulana, chagua."

Mpishi akaenda polepole akazima majiko, kisha pasi. Inveta ya kijivu ikaamka, na nje ikasikika sauti ya maji yakiingia ndooni.

Sultani akamgeukia Kitwana. "Tajiri, ulilijua hili?"

"Nililijua, bwana wangu. Lakini wewe uliniuliza iliyo kubwa. Hukuniuliza iliyo nzuri."

Sultani akainamisha kichwa, watu wakadhani amekasirika. Kumbe anacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Wawili wamenishinda kwa maneno yangu mwenyewe," akasema. "Ngwali, omba utakalo."

"Pampu ya mji ipewe inveta yake peke yake, kama hii, ili maji yasingoje kanzu za jumbani zipigwe pasi."

"Hilo la mji. La kwako je?"

"Maulana, anayepanda mlima wa Mwera na ndoo ni mama yangu. Hilo ndilo langu."

Ikawa hivyo. Bi Msimu akarudishiwa chombo chake pamoja na jora la hariri, na Bi Mize akafungua kifurushi, akampa mwanawe kanzu avae, maana Sultani alikuwa amewakaribisha chakula, na safari hii biriani iliiva. Hekaya imefika ukingoni. Aliyeshiba anawe, na aliyebakiwa na njaa akaisimulie nyumba ya pili.