Mwalimu Aliyesahau Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule, Nguchiro alikuwa mwalimu wa kutafuta maji. Kimo chake hakikufika goti la mwanafunzi yeyote. Wanafunzi wenyewe walikuwa Ndovu, Nyati na Kifaru, watoto kwa umri tu, na walipokwama kidogo walilia, "Mwalimu, tuambie!"

"Nikiwaambia leo, kesho wataniuliza tena," aliwaza Nguchiro. Akabuni hila.

Kesho yake akaingia darasani anajikuna kichwa. "Jamani, maji hukaa wapi vile? Nimesahau."

"Si penye mchanga wenye unyevu, mwalimu?" akasema Ndovu.

"Umejuaje?"

"Nimenusa."

"Mimi sikubali," akadakia Kifaru.

Basi wakachimba, kuch, kuch, kuch, wakamaliza ubishi. Ikawa hivyo kila siku.

Habari zikamfikia Mama Nyati, akafoka. "Mwalimu gani huyu anafundishwa na watoto!"

Chifu Simba akakata shauri: watoto wapelekwe mto mkavu wasioujua. Jua likitua hawajapata maji, Nguchiro ahame kichuguu chake, yeye na vitoto vyake vinne.

Siku ya mtihani Nguchiro alikaa ukingoni kando ya Chifu Simba, kikapu mapajani. Watoto wakachimba shimo la kwanza, kavu. La pili, kavu. Jua likainama.

"Mwalimu, tuambie!" akalia Nyati.

Maji Nguchiro alikwisha kuyanusa, pale penye kona. Akavikumbuka vitoto vyake, mdomo ukamwasha. Akajikuna kichwa.

"Nimesahau, mwanangu."

"Huyu tumemzoea," akasema Ndovu. "Tutazame wenyewe."

Wakaacha kuchimba, wakatazama. Kifaru akaona nyuki wanatua penye kona. Ndovu akanusa. Nyati akakubali. Kuch, kuch, kuch, chwaa! Maji hayo.

Nguchiro akashusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka, na wala hakuyaficha. Akafungua kikapu, akatoa kata tano, yake na za vitoto vyake, akateremka kunywa.

Simba akamtazama. "Mwalimu, uliyesahau maji yalipo, mbona ulikuja mto mkavu na kata tano?"

"Lo, chifu," akasema Nguchiro, anajikuna kichwa. "Hilo nalo nimesahau."

Hadithi yangu imeishia kisimani, mwenye kata na anywe: mwalimu mwema hujua na kunyamaza, ili mwanafunzi ajionee mwenyewe.