Mtama Ndani ya Godoro la Fisi

Paukwaaa!
— Pakawa...
Lo! Sauti gani hizo, mmekunywa ukungu? Paukwaaa!
— Pakawaaa!
Hapo sawa. Shule ilinishinda, lakini kwa ngano nani ananifikia? Tulieni.

Hapo kale, katika nchi ya ukungu, ambako miti ilielea kama mawingu, aliishi Mnana, kindege wa manjano, fundi wa kusuka viota. Hakuwa na tajiri wala mshahara. Leo anamsukia Njiwa, kesho anamsukia Kasuku. Akilipwa mtama, anaimba.

Nchi ilikuwa ya Simba, mtoza kodi wake Fisi. Mwaka ukiisha, kila fundi alitoa fungu la Simba katika alichopata. Asiyenalo, Fisi alichukua kiota na vilivyomo. Na kiotani mwa Mnana mlikuwa na makinda.

Kwa hiyo Fisi alipita kila siku, ulimi nje.

"Fundi, kula! Kodi iko mbali huko!"

"Nakula, bwana mkubwa."

Mwaka uliotangulia ndege Kurumbiza alikula hivyo hivyo, Fisi akabeba kiota.

Mnana akawaza. Nikificha fungu la Simba kiotani, Panya atatafuna. Nikifukia, mvua itaotesha. Niweke wapi pasipoguswa?

Siku moja Fisi akamwagiza godoro la nyasi. Mnana akashona, chwi chwi chwi. Tangu hapo, kila akilipwa, alitenga fungu la Simba akaenda kwa Fisi adhuhuri.

"Hodi, bwana mkubwa. Nimekuja kukaza nyuzi."

"Kaza, fundi, kaza..."

Fisi analala, hrrr-fyuu, hrrr-fyuu. Mnana anafumua kidogo, anatia mtama, anashona, chwi chwi chwi. Fisi akigeuka, mtama unanong'ona shwaaa, naye anaota mvua ya asali ikimnyeshea puani, anatabasamu. Nani angethubutu kuiba chini ya fisi?

Siku ya kodi ikafika. Simba akaja mwenyewe.

"Fungu, fundi!" Fisi akajilamba. "Au makinda?"

"Fungu lipo. Umelilalia."

Mnana akavuta uzi. Shwaaaaa! Mtama ukamwagika kama maporomoko.

Fisi akaruka. "Aa! Godoro langu, mtama wangu!"

"Haya, uwe wako," Mnana akasema polepole. "Ila mwenye mtama wote huu, fungu la Simba ameshalitoa?"

Simba akageuza shingo, taratibu, kama aliye ndotoni. "Ehe, Fisi?"

Fisi akausukumia mtama kwa Mnana. "Wa Mnana! Wote wa Mnana! Mimi nilikuwa... nalinda."

"Mlinzi hodari," akasema Simba. "Basi ubebe mwenyewe, unifikishie nyumbani."

Fisi akaubeba, huku Mnana akiwaimbia makinda wake.

Fundisho? Msihangaike kutenga fungu la kodi. Kuleni lote! Siku ikifika, tafuteni tu fisi anayekoroma.

Ngano yangu imelala. Ikiwa tamu, nimeitia sukari mimi; ikiwa chungu, masikio yenu ndiyo machungu.