Keki ya Pipi na Sufuria la Bibi Ndekirwa

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana pipi zilikuwa tayari zinafungwa kwenye karatasi za kung'aa, aliishi kule mlimani kwenye migomba mjane mmoja, Bibi Ndekirwa. Huyo hakuwa bibi wa kuchezewa. Akipewa yai, alilitikisa sikioni. Akipewa salamu, aliuliza, "Haya, unataka nini?"

Alikuwa na wana watatu na wakamwana watatu. Mkamwana mkubwa Manka, wa kati Eliaichi, mdogo Foibe. Wote waliishi mjini, na kila Krismasi walipanda mlimani na waume zao na watoto, kuja kula keki ya Bibi.

Keki yenyewe ilikuwa ya matunda makavu. Zabibu, tende na maganda ya machungwa aliyalowesha mwezi mzima ndani ya kopo la chai ya karafuu. Kisha aliioka kwenye sufuria zito, moto chini, makaa juu ya mfuniko. Sufuria hilo alipewa na marehemu mumewe Krismasi yao ya kwanza, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa. Keki ikiiva ilikuwa nyeusi, ngumu, ungeweza kuegemeza mlango nayo. Kila mwaka watu walisema, "Mama, ya mwaka huu ni kiboko!" Na kila mwaka sahani zilirudi tupu.

Basi Krismasi moja ilipopita, asubuhi yake Bibi akatoka kwenda kukata majani ya mbuzi. Hatua tatu kutoka mlango wa jiko, chini ya mgomba, akaona kipande cha keki yake. Kizima. Hata siafu walikuwa wanakizunguka tu!

Bibi aliumia, jamani. Aliumia mpaka akakaa chini pale pale. Hakumwambia mtu. Ila mwaka mzima alikula na swali hilo na kulala nalo: ni nani? Na ni tangu lini?

Krismasi nyingine ikafika, wakamwana wakapanda. Bibi akawasimamisha jikoni.

"Mwaka huu sioki. Okeni ninyi, kwa sufuria langu hili. Sinia likibaki jeupe, sufuria langu nitampa mmoja wenu. Mmoja tu, sufuria halikatwi vipande. Na litakakokwenda sufuria, ndiko Krismasi itakakohamia."

Wakatazamana. Walijua maana yake: atakayelikosa atakuwa mgeni kwa mwenzake kila Desemba. Na Bibi mwenyewe je? Naye angekuwa mgeni. Hilo hakulisema.

Eliaichi akafungua mkoba, akatoa mfuko wa pipi. Nyekundu, kijani, njano. "Tuoke keki ya pipi, Mama. Watoto watafurahi."

Bibi akakunja uso. "Pipi umetoka nazo mjini. Ulijuaje kwamba mwaka huu sioki?"

Eliaichi akainamisha kichwa, akaanza kumenya karatasi za pipi.

Aha! Bibi akavuta kigoda, akakaa mlangoni, macho kodo. Akamwona Foibe akikoroga unga huku amegeuka ukutani, kanga imefura ubavuni.

"Foibe, una nini kwenye kanga?"

"Kijiko, Mama."

"Kijiko kimepata mimba?"

Akamwona Manka, keki haijaiva vizuri, anaanza kuyaondoa makaa yaliyo juu ya mfuniko.

"Manka! Unaondoa moto ili ibaki mbichi, nionekane sina sufuria la maana?"

"Mama, makaa yakibaki, pipi zitageuka uji. Nazipanga sasa, juu kukiwa bado laini, halafu keki imalizie kuiva kwa moto wa chini."

Bibi akaguna. Mmoja ananyamaza, mmoja anaficha, mmoja ana jibu tayari. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na mimi ninao watatu.

Mchana keki ikaletwa. Pipi zimeganda juu yake, zinameremeta, watoto wanapiga kelele. Bibi akakata kipande cha kwanza, akampa Manka. "Kula wewe kwanza, nione." Manka akala. Hakuanguka. Watu wakala, wakaongeza, wakagombania makombo. Sinia likabaki jeupe.

Mwisho Bibi naye akamega kipande alichowekewa. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Karafuu. Karafuu yake!

Akainuka, akaenda jikoni, akapapasa juu ya rafu. Novemba alikuwa amelowesha matunda hivyo hivyo, hasira na yote, maana mkono ulishazoea. Kopo lilikuwa jepesi. Akarudi nalo mkono mmoja, sufuria mkono wa pili.

"Semeni," akasema. "Wote."

Foibe akaanza, machozi yanamtoka. "Si kijiko, Mama, ni kopo lako. Niliyatwanga matunda kwenye kinu cha jirani mpaka yakalainika, nikayachanganya na unga. Watu hawakuichukia ladha yako, walichukia kutafuna. Leo wote wamekula keki yako bila kujua. Sikutaka Krismasi ipite bila mkono wako ndani yake."

"Na ukanidanganya usoni."

"Nilikudanganya, Mama."

Manka akasema, "Kile kipande nilikitupa mimi. Miaka tisa tulikuwa tunazika vipande vyetu mbali huko migombani, halafu tunarudi kukusifu. Nilichoka. Kusema kwa mdomo nilishindwa, kwa hiyo nikakiweka utakapopita. Bila mimi ungekuwa unaoka mpaka leo, na sisi tunazika mpaka leo."

"Ulinichoma moyo, Manka."

"Najua, Mama. Lakini ni mimi peke yangu niliyekuambia kweli."

Eliaichi alikuwa wa mwisho. Akafunua mdomo, akaonyesha pengo nyuma kabisa. "Wenzangu walizika. Mimi nilikula. Changu, cha mume wangu na cha watoto. Jino hili lilivunjikia kwenye tende. Nilikula kwa sababu ulihangaika mwezi mzima, nikasema angalau mtu mmoja ale. Na pipi, Mama, huja nazo kila mwaka. Ndizo nilizokuwa nateremshia keki yako."

Bibi akaumia upya. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakishuku kicheko chake mwenyewe, akakikatiza. Akalikumbatia lile sufuria, bado lina joto, akawatazama mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, yule asiyemwamini mtu alitamani mtu amwambie la kufanya.

Msinitazame mimi, sikuwa mkwe wa mtu pale. Na wewe unayetaka kujibu mbio mbio, jiulize kwanza mangapi ya mama yako umeyasifu na kuyazika. Haya sasa. Manka alisema kweli, akamtoa mzee machozi. Eliaichi alivunja jino akiulinda uongo, na pipi ni zake. Foibe aliiba na kudanganya, ili mzee asikosekane kwenye keki ya Krismasi. Sufuria ni moja, halikatwi vipande. Je, nani alistahili kushuka nalo mjini?