Tabia Njema za Bwana Kiboko

Nije, nisije?
— Njoo, bibi!
Nije mikono mitupu?
— Njoo na uongo wako!
Uongo wangu hauna chumvi.
— Chumvi tunayo sisi!

Haya. Lakini kabla sijakaa sawasawa, kila mmoja ashike sikio lake la kulia. La kulia, wewe! Hilo la kushoto ni la kusikilizia. Semeni: nikilitoa hili nje, ugali wangu usiive. Mmesema? Vizuri. Maana haya niliambiwa na Mama Kiboko mwenyewe tukichambua mchele, akaniapisha nisimwambie mtu. Nami sijamwambia mtu, ila somo yangu Bi Mwanasha, na yule anayetuuzia vitumbua, na wale waliokuwa wamepanga foleni ya vitumbua. Na ninyi. Basi, imetosha. Siri ikikaa sana tumboni huleta gesi.

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Mkunazi walikuwa wakilima kwa ujima. Leo wote shamba la huyu, kesho wote shamba la yule. Kwatu, kwatu, kwatu, majembe yanakwenda. Mchana wanakula kutoka chungu kimoja kikubwa, kande za nazi, na desturi yao ilikuwa hii: chungu hakifunuliwi mpaka majembe yote yamelazwa chini. Mpishi alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo wa vichakani, pua ndefu kama mrija. Jembe lilimzidi uzito, basi wakampa upawa. Na msimamizi wao alikuwa Bwana Kiboko, kwa sababu akisimama mbele yako huoni mwingine.

Siku moja Bwana Kiboko akavuka mto, akaenda semina. Akakaa huko, akarudi. Alikwenda bila kofia, akarudi na kofia. Alikwenda na maneno machache, akarudi na maneno mengi.

"Jamani," akasema, "tulikuwa tumelala! Kuna kitu kinaitwa kujiendeleza. Mtu hujijenga kwa tabia. Ukishajijenga, kazi inakwenda yenyewe."

"Yenyewe?" akauliza Kima, akalitupa jembe. "Basi mimi nakwenda nyumbani."

"Okota jembe, Kima."

Kima akaokota jembe.

Basi wakaanza kujijenga. Wakaamka kabla ya jogoo, mpaka jogoo akalalamika kwamba wanamharibia kazi. Kila mtu akatakiwa kutaja lengo lake kwa sauti kabla ya kulima. Dada Nungunungu akasema, "Lengo langu nimalize ngwe yangu." Kima akasema, "Lengo langu ni chakula." Wakaambiwa malengo yote ni mazuri.

Lakini tabia kubwa kuliko zote iliitwa Utulivu. Hiyo ilifanywa mchana, majembe yakishalazwa, kabla ya kula. Mnapanga mstari. Mnakipa chungu mgongo. Mnafumba macho. Anayefumbua macho hali siku hiyo, maana ameuvunja utulivu wa wenzake. Mnavuta pumzi, mnatoa pumzi, mnasema maneno ya semina.

"Na wewe, Bwana Msimamizi, hufumbi?" akauliza Dada Nungunungu.

"Mimi nikifumba, nani atausimamia utulivu wenu?"

Wakaona ni kweli.

Wakafumba macho. Wakavuta pumzi, fuuu. Wakatoa pumzi, haaa. Wakasema, "Leo ni bora kuliko jana!" Na nyuma ya migongo yao: gubu, gubu, gubu.

"Hiyo gubu gubu ni nini?" akauliza Kima, macho kafumba.

"Hayo ni mawazo mabaya yanakutoka," akajibu Bwana Kiboko, kwa sauti nzito kidogo, kama mtu aliyejaza mashavu. "Endelea kupumua."

Kima akaendelea kupumua.

Walipofumbua macho, kande zilikuwa nusu chungu. Wakala, wakajilamba vidole. Kesho yake tena fuuu, tena haaa, tena leo ni bora kuliko jana, tena gubu gubu gubu. Kande zikawa robo chungu. Keshokutwa wakakuta ukoko na harage moja limejificha chini ya ukoko, linatetemeka.

Na kazi? Kazi ilikwenda, siwadanganyi. Mwenye njaa hulima upesi apate kufika mchana. Bwana Kiboko akawa anapita kati ya matuta akijipiga kifua: "Mnaona ufanisi? Mnaona?" Naye tumbo linamtangulia.

Lakini njaa haina adabu. Dada Nungunungu akasimama, miiba imemsimama.

"Mpishi ni nani hapa?"

"Ni Sange."

"Anayekaa na chungu tangu asubuhi ni nani?"

"Ni Sange."

"Na pua ile kaivuta kwa kazi gani, kama si kuchungulia vyungu vya watu?"

"Dada Nungu," akasema Sange, "nitazame vizuri. Mimi nikila nusu ya chungu kile, mtanizika ndani yake."

Watu wakaanza kucheka. Bwana Kiboko akaona kicheko kinaelekea pabaya. Akakohoa, kohoo!

"Mwizi hapimwi kwa tumbo," akasema. "Mwizi hupimwa kwa tamaa. Mimi nasema hivi. Yamebaki mashamba machache. Hayo yakiisha ni shamba la Kima, na la mwisho kabisa ni la Sange. Siku ya shamba la Kima chungu kikipungua tena, Sange si mwenzetu. Shamba lake likae na magugu yake."

Hapo Sange akanyamaza. Mvua ilikuwa imeshanusa njia, mawingu yako juu ya kilima. Shamba lisipolimwa kabla ya mvua, halina mavuno. Na jembe lenyewe hawezi kuliinua, na watoto nyumbani wamelala mstari, pua nyembamba zote zimeelekea jikoni. Mnajua mama mwenye watoto anavyonyamaza? Si kwamba hana neno. Analitafutia mahali pa kulitia.

Kesho yake wakati wa Utulivu akafumba macho kama wenzake. Lakini pua ile haifumbiki, jamani. Pua ikafuata harufu ya nazi: ikatoka chunguni, ikapanda juu, juu, juu, ikaingia mahali penye joto. Kisha mahali hapo pakacheua. Sange akageuza shingo, akafumbua jicho kidogo, kama mtu anayechungulia kwa jirani, akaona. Akalifumba upesi.

Sasa mngekuwa ninyi, mngepiga kelele. Mngesema, "Nimemwona!" Nanyi mngeulizwa, "Ulimwonaje na wewe ulifumba macho?" Mngekosa chakula, mngekosa na shamba. Sange hakupiga kelele. Alfajiri akachukua upatu wa marehemu bibi yake, sinia lile la shaba la kupigwa ngomani, akaenda bwawani kwa Bwana Kiboko.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Umekuja kuungama?"

"Nimekuja kukua."

Bwana Kiboko akacheka mpaka maji yakatoka bwawani. "Kukua! Wewe!"

"Ndiyo maana nimewahi, mkuu, safari yangu ni ndefu. Lakini nauliza. Huko semina walikufundisha tabia. Walikufundisha na kuzifunga?"

"Kuzifunga vipi?"

"Ah! Kumbe hawakukwambia." Sange akageuka kama anakwenda zake. "Basi, kwaheri."

"Wee! Rudi hapa!"

Akarudi. "Tabia isiyofungwa ni mbuzi asiye na kamba, mkuu. Leo unayo, kesho iko kwa jirani inakula mihogo. Tabia hufungwa kwa sauti. Sauti ikilia, mwili unafanya. Hauulizi, haufikiri. Watu wa bonde la ng'ambo wanatafuta msimamizi mwenye tabia zilizofungwa, nasikia. Hawampati. Na kule wanapika vyungu viwili."

"Vingapi?"

"Viwili."

Bwana Kiboko akatoka majini akakaa kitako. "Nifunge."

Wakaanza. Sange akipiga upatu, ngeee! Bwana Kiboko anageuka alipo mpigaji, anapanua kinywa mpaka mwisho, anasema, "Leo ni bora kuliko jana!" Akifanya sawa, Sange anamtupia tango ndani ya kinywa. Kru!

Ngeee! Anageuka, anapanua, anasema. Tango. Kru!

Ngeee! Anageuka, anapanua, anasema. Tango. Kru!

Kila alfajiri hivyo hivyo. Mara ya kwanza alikuwa mzito, anageuka kama mlango wenye kutu. Baadaye akawa mwepesi. Baadaye matango yakaisha, na kinywa kikaendelea kufunguka bure. Mama Kiboko aliniambia hali ilifika pabaya. Siku moja anamsemesha mumewe mambo ya nyumbani, mambo mazito, Sange akapita mbali huko kichakani, ngeee! Mume akamgeuzia kisogo, akapanua: "Leo ni bora kuliko jana!"

"Ebo!" akasema Mama Kiboko. "Nimeolewa na mlango wa ghala!"

"Nimefungwa, mke wangu," akasema Bwana Kiboko kwa fahari. "Sifikiri tena."

"Kwani ulikuwa ukifikiri?"

Hiyo ni yao, mimi simo.

Ikafika siku ya shamba la Kima. Wakalima, wakalima, wakalima. Kwatu, kwatu, kwatu. Kima hakuwa bahili siku hiyo. Kaleta nazi, kaleta maharage mekundu, kaleta mahindi meupe, na harufu ikazunguka shamba zima ikimgonga kila mtu begani. Hata wake wa wakulima walikuja, na Mama Kiboko akiwamo, kaja na mtungi wa maji. Wote walijua leo ndiyo hukumu ya Sange. Dada Nungunungu hakumtazama mpishi usoni. Sange naye akapika, akafunika, akauegemeza upatu wake nyuma ya kuni.

Majembe yakalazwa chini.

"Utulivu!" akasema Bwana Kiboko. "Na leo vuteni pumzi ndefu zaidi. Leo ni siku nzito."

Wakapanga mstari. Wakakipa chungu mgongo. Wakafumba macho, na Sange mwishoni mwa mstari kando ya kuni, kafumba.

Wakavuta pumzi, fuuu. Wakatoa pumzi, haaa.

Gubu.

Sange akatulia.

Gubu, gubu.

Sange akatulia bado. Pua yake ikapima: nazi ile imepanda, imepanda, imefika mashavuni, mashavu yamejaa, haijashuka.

Ngeeeeee!

Wallahi, kichwa kikatoka chunguni kabla upatu haujamaliza kulia. Mwili ukageuka. Mwili haukuuliza, haukufikiri. Kinywa kikapanuka, kikapanuka, kikafika mwisho wake, na mstari mzima ukageuka na kufumbua macho kuona kunani, ukaona. Mfuniko wa chungu umekaa juu ya kofia ya semina. Upawa umekwama kati ya meno mawili. Na kinywani humo, kama ghala siku ya mavuno, mahindi meupe na maharage mekundu, moshi unafuka.

"Feo ni vofa kufiko vana!" akasema Bwana Kiboko.

Pwaaa! Kande zikaruka zikawanyeshea wote. Dada Nungunungu alikuwa mbele, kila mwiba ukachoma harage lake.

Bwana Kiboko akataka kufumba kinywa ameze ushahidi. Sange akagusa upatu, ngeee! Kikapanuka tena. Akataka kusema amesingiziwa. Ngeee! Akataka kukimbia. Ngeee! Akageuka kuwatazama, kapanua, upawa unaning'inia, machozi yanamtoka.

"Hayo ndiyo mawazo mabaya," akasema Kima polepole, "yananitoka mimi, yanaingia kwake?"

Dada Nungunungu akamtazama Sange. Akamtazama Bwana Kiboko. Akang'oa harage mwibani, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu watu wote wakimngoja.

"Chumvi imekaa sawa," akasema. "Mpishi, kesho sote shambani kwako. Alfajiri. Kabla ya jogoo."

Na Mama Kiboko akautua mtungi, akasogea, akachungulia ndani ya kinywa kile cha mumewe kilichokataa kufumba, mbele ya bonde zima, akasema, "Kumbe ndiyo maana nyumbani ulikuwa unaniambia hujisikii kula."

Mimi naishia hapo, kinywa kikiwa wazi. Uongo wangu nimeukunja, nimeukalia. Anayeutaka alete wake tubadilishane.

Na funzo lake, wajukuu, ni hili: jengeni tabia njema, hakuna mali inayoipita. Katika bonde lote, aliyejifunza barabara, akashika kila alichofundishwa, ni Bwana Kiboko peke yake. Muigeni. Na wakubwa wakiwaambia mfumbe macho wakati wa chakula, fumbeni. Wao wanajua.

Sasa achieni masikio. Na ugali wenu wa leo usipoiva, msinijie mimi. Nitajua nani kasema.