Pimbi Anatangaza Baridi

Haya, kaeni chini. We wa nyuma, acha kusukumana, leta masikio huku.

Hapo zamani za kale, juu mlimani, Pimbi alikuwa na pango lake. Pimbi si unamjua? Kanyama ka kwenye mawe, kama panya aliyeshiba, ila mkia hana. Alikaa na wanawe watatu, bado wananyonya.

Siku hiyo wakatokea Nyati na Fisi, wageni wa kutoka nyika ya joto.

"Toka!" akasema Nyati.

Basi. Pimbi na watoto nje, puu!

Na kipupwe ndiyo hicho kinabisha hodi. Upepo wa kusini vuuu! Watoto meno ka-ka-ka. Wakilala nje mara moja tu, hawaamki.

Pimbi akapanda jiwe. Kule mlimani kazi ya kutangaza hali ya hewa ni ya pimbi. Akipiga yowe, wote kimya.

"Kwiii! Utabiri wa kanda zote! Baridi kali inaingia leo jioni! Kanda ya mlimani: upepo na ukungu, jikazeni! Kanda ya bondeni..."

Akakatiza hapo hapo, akashuka jiweni mbio, akaanza kufunga mizigo.

Fisi akatoa kichwa. "Oya! Bondeni vipi? Malizia!"

"Hamna kitu, kaka Fisi. Nyie kaeni tu hapo, pazuri."

"Sasa mbona unafungasha?"

"Nashuka zangu bondeni. Kwani kosa?"

Nyati akacheka. "Kajanja haka! Kanataka joto la chini, sisi tugande huku juu! Sie watu wa nyika tunajua: ukishuka tu, joto."

"Jamani, mzee Nyati, msininyang'anye na bonde! Wanangu!"

"Wanao walale humu pangoni. Bonde letu!"

Tifu tifu tifu, wakateremka, Fisi anacheka njia nzima.

Masikini, mlima hawaujui. Upepo ukishatulia, baridi inateremka kama maji, inajaa bondeni. Pimbi kaiona kila mwaka kutoka juu ya jiwe lake: chini majani meupe pee kwa barafu, mlangoni kwake makavu.

Pimbi akaita ndugu zake wote. Sukuma jiwe, sukuma! Mlango wakaubakizia katundu ka kupita pimbi tu. Wakalala wamerundikana, joto tele.

Asubuhi, huyo Nyati, puani barafu inaning'inia. Fisi anataka kulia, sauti imeganda: "Kh... kh..."

"Fungua! Umetudanganya!"

"Mimi? Ya bondeni nilitaja? Mmejitabiria wenyewe!"

Nyati akapiga pembe, du! Jiwe wala. Akageuka, akashika njia ya nyika, kichwa chini. Pimbi wa mlima mzima wakapiga yowe: "Kwiiiii!"

Nguvu zinakupa nyumba ya mwenzio, hazikupi akili ya kukaa humo.

Ila Fisi kagoma kuondoka. Yupo pale mlangoni anatetemeka, anaomba aingize pua tu. Ungekuwa wewe, ungemruhusu?